UZI: Njia za miguu za pwani msimu wa machipuko, tuongee kwa kina (maji, maua, tope na ndege wa mchangani)

#1 Nyayo_Mbichi

Wakuu habari zenu. Nimesoma nyuzi nyingi humu za watu wanaopenda kutembea na karibu zote ni za milimani, kilele gani, mita ngapi, picha umesimama juu ya jiwe. Sina ubaya nazo ila leo naomba tuongelee sisi tunaokaa miji ya pwani, tunaopita vile vinjia vinavyokwenda juu ya magenge, yaani kuta za miamba mirefu kando ya bahari, halafu vinashuka kwenye ghuba, vinaingia vichakani, ukija kushtuka uko mchangani tena. Na hasa kipindi hiki cha machipuko, baridi inapoanza kuachia. Walio kaskazini mwa dunia kwao ni Machi mpaka Mei, walio kusini ni Septemba mpaka Novemba, hivo uzi huu una wateja mara mbili kwa mwaka.

Hoja yangu ni moja. Chagua njia fupi karibu na unapoishi, kilomita 5 au 6 zinatosha, halafu irudie kila wiki msimu mzima, hiyohiyo. Usiikimbie kwenda kutafuta nyingine.

Nasema hivi kwa sababu mimi nilikuwa natafuta njia mpya kila wikiendi nikawa nazijua zote juu juu tu. Mwaka juzi nikaamua kukaa na moja. Wiki ya kwanza vichaka vyote vijiti vitupu, udongo umelowa, unasikia bahari tu. Wiki ya pili nikaona vichwa vya kijani vidogo kama ncha ya kiberiti, ila upande mmoja tu wa kichaka, ule unaoangalia nchi kavu. Nikainama kuangalia vizuri, upande wa bahari vitawi vimekauka vyeusi kabisa. Ndo nikaelewa kwa nini miti ya juu ya magenge yote imelala kuelekea bara kama watu wanaokimbia upepo: chumvi inayorushwa na upepo inaua machipukizi ya upande wa baharini, yanabaki ya upande wa pili, mti unakua kwa kuelekea huko mwaka hadi mwaka. Nilishapita pale mara kumi bila kuona hilo.

Wiki ya nne maua. Na pwani maua huwahi mara nyingi kuliko bara, mana bahari inachelewa kupoa na inazuia ile baridi ya kugandisha isiwe kali sana usiku. Kuna yale ya rangi ya waridi yanaota kwenye nyufa za mwamba, kichwa kimeviringana kama kifungo cha shati, majani yake membamba yamekaa kama mto wa kulalia. Yanaota mahali ambapo hata udongo huuoni.

Karibuni, mwenye uzoefu ashushe, mwenye swali aulize.

#2 KasiYaUpepo

Mkuu uzi mzuri ila hapo pa kurudia njia moja sikubaliani na wewe. Raha ya pwani ni kwenda mbele. Kuna njia ndefu duniani zimetengenezwa kabisa kwa ajili hiyo, Wales wana njia inayozunguka pwani yao yote, ilifunguliwa 2012 na ni kama kilomita 1,400, kusini magharibi mwa Uingereza kuna nyingine ya kilomita 1,014, Afrika Kusini kuna Otter Trail ya siku 5 iliyofunguliwa 1968. Mtu una siku zako mbili za mapumziko unazunguka kichaka kilekile? Mi nadhani unapoteza.

#3 Nyayo_Mbichi

KasiYaUpepo ndugu yangu hizo nazijua na nazitamani. Siwakatazi watu kwenda mbali. Ila hata hiyo kilomita 1,400 kuna mtu anaishi kwenye kilomita yake ya 312 na anaipita kila siku akienda kumtembeza mbwa, huyo ndo anajua lini maua ya pale yanafunguka na wapi genge limeanza kupasuka. Wewe utapita mara moja siku ya mvua utaondoka unasema ni tope tupu. Mimi nataka tuwe yule mtu.

#4 BintiKusi

Naomba kuuliza jamani mimi ndo naanza, nina watoto wawili wa miaka 7 na 10. Njia yetu inapita chini ya genge kwa kama kilomita moja na nusu halafu ndo inapanda. Huwa naangalia hali ya hewa kwenye simu nikiona jua tunatoka. Kuna kingine cha kuangalia? Na mida gani mizuri?

#5 Nyayo_Mbichi

Dada asante kwa kuuliza, tena umeuliza mahali penyewe. Kabla ya hewa angalia MAJI. Ukiwa na njia inayopita chini ya genge, jua na mvua ni mambo ya nguo tu, lakini maji ndo yanayoamua kama njia ipo au haipo.

Ntakwambia lililonikuta. Ilikuwa mwisho wa Machi, siku nzuri ajabu, nikazunguka rasi kwa chini maji yakiwa yametoka mbali mpaka nikaona miamba ambayo sijawahi kuiona. Vidimbwi vimejaa viti vya pweza na kaa wadogo, nikapiga magoti pale nikasahau saa. Niliponyanyuka kurudi, ile kona ya rasi niliyoipita mchanga mkavu ilikuwa na maji ya magoti na kila wimbi likija linafika kiunoni. Nilipita nimeshikilia mwamba kwa mikono miwili, begi kichwani. Dakika 20 zaidi nisingepita. Nilitetemeka mpaka nyumbani, na sio baridi tu.

Baadaye nilipotulia nikaona ishara ilikuwa pale muda wote. Ukuta wa genge una mistari. Juu kabisa jiwe kavu lina rangi yake, chini yake ukanda mweusi, chini yake vile vigamba vidogo vigumu vilivyong'ang'ania, halafu mwani. Kichwa changu kilikuwa usawa wa vile vigamba. Maana yake mahali nilipopiga magoti maji hufika juu ya kichwa changu kila siku. Sasa hivi kitu cha kwanza nikifika naangalia ule ukanda uko wapi ukilinganisha na bega langu.

#6 Mzee_wa_Mwandamo

Wanangu nimewasoma. Mimi baharini nimekaa miaka mingi, niruhusuni niongeze.

Nyayo_Mbichi alipatwa mwisho wa Machi na haikuwa bahati mbaya. Maji makubwa, yaani bamvu, huja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, kwa kawaida siku moja au mbili baada yake, maana mwezi na jua vinavuta kwa mstari mmoja. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, hayajai sana na hayapwi sana. Hilo wengi mnalijua. Wasilolijua wengi ni kwamba bamvu kubwa kuliko zote kwa mwaka huwa karibu na siku ambazo usiku na mchana vinalingana, tarehe 20 Machi hivi na 22 au 23 Septemba, jua likiwa juu ya ikweta. Sasa angalieni, Machi ni machipuko ya kaskazini, Septemba ni machipuko ya kusini. Yaani msimu uleule watu wanaotoka nje kwa furaha baada ya baridi ndo msimu ambao bahari inaenda mbali zaidi na kurudi juu zaidi.

Pili, maji hayajai kwa mwendo mmoja. Sisi tunagawa kina chote mafungu 12. Saa ya kwanza linaingia fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa hiyo nusu ya maji yote inaingia ndani ya saa mbili za katikati. Kama tofauti ya kupwa na kujaa kwenu ni mita 6, katika hizo saa mbili zinapanda mita 3, ni sentimita 25 kila dakika 10. Ndo maana mtu anaona bahari imetulia saa nzima halafu ghafla imemzunguka. Haikuwa ghafla.

BintiKusi, na watoto hao: toka nyumbani ufike chini ya genge maji bado yanatoka, saa moja na nusu au mbili kabla ya kupwa kabisa. Maji yakianza kurudi nawe unarudi au uwe umeshapanda juu. Usisubiri kuyaona. Na jedwali la maji (orodha ya saa za kujaa na kupwa) liwe la sehemu yenu hasa, la mji wa jirani linaweza kupishana na lenu kwa muda mrefu.

#7 BintiKusi

Mzee wangu Mungu akubariki, nimeandika kwenye karatasi nimebandika jikoni. Swali la mwisho, hilo jedwali linabadilika kila siku?

#8 Mzee_wa_Mwandamo

Kila siku mama. Sehemu nyingi kutoka kujaa hadi kujaa tena ni saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kila siku linachelewa kama dakika 50. Leo yamepwa saa 4 asubuhi, kesho ni karibu saa 4 na dakika 50. Zipo sehemu zina tabia nyingine, Ghuba ya Mexico kuna fukwe zinajaa mara moja tu kwa siku, Mediteranea maji yanacheza kidogo sana, Bay of Fundy kule Kanada tofauti inafika mita 16. Ndo maana nasema la kwenu.

#9 Nyayo_Mbichi

Mzee umenifungua macho kitu kingine hapo, acha nikifafanue mana kinahusu hoja yangu ya kwanza. Dakika 50 mara siku 7 ni kama saa 6 kasoro kidogo. Saa 6 ndo muda wa kutoka kupwa hadi kujaa. Kwa hiyo mtu anayetoka kila Jumamosi saa ileile, wiki hii atakuta maji yametoka, wiki ijayo saa hiyohiyo yamejaa. Na zaidi ya hapo, bamvu na maji mafu navyo vinapishana kwa kama wiki moja. Maana yake njia moja, saa moja, ni njia mbili tofauti zinazobadilishana zamu! Wiki ya maji kutoka natembea chini kwenye vidimbwi, wiki ya maji kujaa natembea juu ya genge na maua, nasikia mawimbi yanapiga chini ya miguu. Nilikuwa naliona hilo kwa macho, sababu ndo nimeipata leo.

KasiYaUpepo unaona sasa.

#10 KasiYaUpepo

Nimeona, nimeona. Na nikiri Otter Trail wenyewe wanapanga siku ya nne kwa saa ya maji, mto Bloukrans lazima uvuke maji yakiwa yametoka, hata kama ni usiku wa manane mtu unaamka unatembea. Kwa hiyo hata wa safari ndefu tuko chini ya jedwali hilohilo.

Mimi niongeze la muda wa kutembea. Kuna kanuni ya Mskoti mmoja aliyeitwa Naismith, ya 1892: saa 1 kwa kila kilomita 5 na ongeza saa 1 kwa kila mita 600 unazopanda. Watu wa pwani tunajidanganya kwamba hakuna mlima, ila njia ya magenge inashuka ghuba inapanda, inashuka inapanda, jumlisha mwisho wa siku umepanda mlima bila kujua. Na mchanga mkavu hauhesabiki kwenye hiyo kanuni, kutembea kwenye mchanga laini kunakula zaidi ya mara mbili ya nguvu za kwenye ardhi ngumu. Tembea kwenye mchanga uliolowa karibu na maji, ule ambao nyayo yako haizami, unaacha alama tu.

#11 JichoLaKozi

Hapo pa mchanga naomba niingie kabla watu hawajatoka. Msimu wa machipuko ndo ndege wa ufukweni wanataga, na wengi wao hawajengi kiota, wanakwangua kishimo kwenye mchanga au kokoto juu kidogo ya mstari wa maji basi. Mayai yana madoa yanafanana na kokoto kabisa. Mimi nimewahi kusimama nimeinua mguu, sijaushusha, nikaona matatu yako pale kisigino kingetua, ukubwa wa kidole gumba, rangi ya mchanga na vidoti vyeusi. Nilishusha mguu taratibu nyuma nilipotoka. Mpaka leo nikifika sehemu ile natembea naangalia chini.

Dalili utazipata kwa mzazi. Ukiona ndege mdogo anakimbia mbele yako anaburuta bawa kama limevunjika, analia, ujue anakudanganya umfuate yeye uache mayai. Wengi wanamfuata wakidhani wamsaidie au wapige picha. Usimfuate, na usisimame hapo ulipo pia, rudi ulikotokea kwa nyayo zako zilezile. Mzazi akikaa mbali muda mrefu yai linapoa, au mwewe na kunguru wanaliona.

Kwa hiyo ule mchanga mkavu wa juu kipindi hiki tuuache. Mchanga uliolowa ndo wetu. Na mbwa afungwe kamba, hata yule mpole. Hili linaniuma sana kwa kweli, kiota kimoja kinakufa kwa dakika moja ya mtu aliyekuwa anafurahia tu siku yake.

#12 Nyayo_Mbichi

JichoLaKozi asante sana, mimi hilo la kurudi kwa nyayo zilezile sikulijua. Nilikuwa nazunguka pembeni, na pembeni ndo kunaweza kuwa na kingine.

#13 TabibuMdogo

Mimi ni wa hospitali, nitasema mafupi mawili.

Kupe. Joto likipanda kidogo wanaamka, wanakaa kwenye ncha za majani marefu pembeni ya njia wakisubiri mguu upite. Wale wachanga ni wadogo kama kipande cha mbegu ya papai, huwaoni kirahisi. Ugonjwa wa Lyme, ambao huenezwa na kupe, umepata jina kwenye mji wa Lyme kule Connecticut, pwani ya Marekani, na bakteria anayeuleta aligunduliwa 1982. Kwa kawaida kupe lazima akae mwilini zaidi ya saa 24 ndo akuambukize, kwa hiyo ukaguzi wa jioni ileile unaokoa: nyuma ya magoti, kiunoni, makwapani, kwenye nywele za watoto na nyuma ya masikio. Ukimkuta mshike kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja juu, usimminye wala usimchome moto. Doa jekundu linalotanuka likitokea ndani ya siku 3 hadi 30, nenda kwa daktari umwambie ulitembea wapi.

La pili jua. Upepo wa bahari unapoza ngozi mtu anasema hakuna jua. Miale inayounguza inategemea jua liko juu kiasi gani, haijali kama unasikia joto au baridi. Kila mwaka machipuko napokea watu shingo zimebabuka na walikuwa wamevaa sweta.

#14 Mzee_wa_Mwandamo

Na ukungu daktari. Machipuko hewa imeshapata joto ila bahari bado baridi sana, ndo kwanza inaanza kupasha. Hewa ya joto ikipita juu ya maji hayo inageuka ukungu, na upepo wa mchana unauleta nchi kavu. Mtu yuko juu ya genge anaona kilomita kumi, baada ya robo saa haoni mti ulio mbele. Ukikukuta usiendelee kutafuta ukingo uko wapi. Rudi hatua chache upande wa bara, kaa chini, subiri au fuata uzio kama upo. Na magenge yenyewe yameshiba mvua za majira ya baridi, ndo kipindi yanamomonyoka. Ukiona ufa kwenye nyasi sambamba na ukingo, pale si pa kusimama, na chini yake si pa kukaa kupumzika.

#15 BintiKusi

Tope je? Njia yetu ina sehemu moja tope zito, watu wote wanapita pembeni.

#16 Nyayo_Mbichi

Pita katikati ya tope dada. Najua inauma ila kila anayepita pembeni anakanyaga mimea inayoanza kuchipua, wiki ijayo pembeni nako kumekuwa tope, wa nyuma yake anapita mbali zaidi. Njia yangu ilikuwa na upana wa hatua moja, sehemu moja sasa ni hatua sita na hakuna ua hata moja. Buti zinafuliwa. Wape watoto viatu vya mpira wataifurahia sehemu hiyo kuliko zote.

#17 BintiKusi

Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita. Tumekwenda Jumamosi zote tatu njia ileile saa ileile.

Ya kwanza maji yalikuwa yanatoka, tukashuka, mkubwa nimempa kazi ya kushika saa na jedwali na akaifanya kwa ukali, saa ilipofika akatuondoa wote hata mimi nilikuwa bado naangalia kidimbwi. Ya pili kweli maji yamejaa kama mlivyosema, ile kilomita na nusu ya chini haikuwepo kabisa, mawimbi yanagonga ukuta, tukapita juu. Mdogo akasimama akaniuliza mama njia yetu imekwenda wapi, nikamwambia iko chini ya maji inarudi. Akakaa anaiangalia muda mrefu.

Ya tatu leo. Yale maua ya kifungo yamefunguka kwenye ufa wa mwamba palepale njia inapoanza kupanda, wiki iliyopita hayakuwepo, mkubwa ndo aliyaona. Na tope tumepita katikati.

Kupe mmoja, soksini mwa mdogo, katoka mzima. Asante TabibuMdogo.

#18 KasiYaUpepo

BintiKusi hiyo ya njia yetu imekwenda wapi imenigusa aisee. Nyayo_Mbichi, Jumamosi hii sisafiri. Kuna kinjia nyuma ya mtaa wangu kinashuka baharini, nimekaa hapa miaka minne sijawahi kukimaliza. Nimeshaangalia jedwali, maji yanapwa saa 5 asubuhi.

#19 Nyayo_Mbichi

Ufike saa 3 na nusu basi. Na ukifika angalia vichaka vimelala upande gani, uje utuambie hapa.